Fungu la Aliye Njiani

Nikiwa bado mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu kilimani juu ya mji mdogo wa Mweso, niliamini kwamba kinachomtenga mtu aliye hai na aliyekufa ni chumvi. Leo mimi ni mwalimu, nina watoto watatu na miwani, na darasani nafundisha kwamba chumvi ni chumvi tu. Jikoni kwangu ni habari nyingine.

Yote yalitokana na chakula kimoja cha Koko, bibi yangu aliyemzaa baba. Alikuwa akichemsha birayi, ndivyo tunavyoziita mbatata kwetu, pamoja na viazi vitamu viwili vitatu, sufuria ikiwa imefunikwa kwa jani la mgomba. Vikiiva, anamwaga maji na kuviponda kwa mwiko mnene vikiwa bado vinafuka mvuke, huku akimimina maziwa kidogo kidogo. Halafu tangawizi iliyosagwa juu ya jiwe. Halafu mbegu nyeusi za matungulu, yale matunda mekundu ya msituni ambayo Papa, ndivyo nilivyomwita baba, alituletea kutoka upande wa Pinga, na asali ya msitu uleule. Harufu ilifika hadi kwa majirani, nao siku hiyo walikuwa hodari wa kukumbuka kwamba hawajatusalimia muda mrefu.

Chumvi ilikuja mwisho kabisa, na aliitia Koko mwenyewe, kwa vidole vitatu, akinong'ona jambo ambalo sikuwahi kulisikia vizuri. Kama mtu wa nyumbani yuko safarini, fungu lake lilipakuliwa kwanza, likawekwa juu ya kiti chake na kufunikwa kwa sahani nyingine. Lilikaa pale hadi jua lizame, na hapo nililirithi mimi. Kwa hiyo nitasema ukweli, safari za Papa hazikuniudhi sana.

Siku moja nilimuuliza Koko kwa nini atie chumvi kwenye kitu chenye asali. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini nyumba ina mlango.

"Ya muntu muzima inakuwaka na chumvi," alisema. "Bale benye balikufaka habakulaka chumvi. Ukiweka sahani bila chumvi, haumungojee papa yako. Unaita mwingine." Yaani chakula cha aliye hai hutiwa chumvi, na waliokufa hawaili.

Koko hakukosa ibada hata Jumapili moja, na mchungaji wetu angesikia maneno hayo angetoa mahubiri ya saa mbili. Nadhani ndiyo sababu hakumwambia.

Mwaka huo Papa alikwenda Pinga na rafiki yake, Papa Bauma, kwa pikipiki moja, kupeleka maharage na kurudi na mafuta ya mawese. Papa Bauma alikaa ng'ambo ya bonde, mtu mrefu mwenye kicheko kilichotangulia mwili wake kuingia ndani. Walisema siku nne. Siku ya nane Mama, ambaye alikuwa na mimba kubwa, aliacha kuuliza wapita njia. Siku ya kumi aliacha kula. Koko alitazama barabara, akatazama tumbo la Mama, kisha akaniambia twende tukamenye birayi.

Tulipomaliza kuzichemsha, Mama alilalamika mgongo. Koko akaenda naye chumbani kumkanda kwa mafuta, akaniachia mwiko.

"Leo ponda weye, Neema. Chumvi ile pale. Vidole tatu. Usisahau."

Sikusahau. Hilo ndilo jambo ambalo sijapata kumweleza mtu kwa urahisi. Niliponda mpaka mikono ikauma, nikatia maziwa, tangawizi, matungulu, asali, nikaonja, na kilikuwa kitamu kuliko cha Koko. Nilisisimka kwa fahari. Niliishika chumvi mkononi, nikafikiri: hii itaharibu. Nilitaka Papa aingie, aonje fungu langu, aseme hajawahi kula kitu kama hiki tangu azaliwe. Nilitaka kiwe kitamu mno, hata huko aliko asikie harufu na kufanya haraka. Nikairudisha chumvi ndani ya kopo. Nikapakua fungu lake, nikaliweka juu ya kiti chake karibu na dirisha, nikalifunika.

Ilikuwa kama saa nane mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa kwetu unaoingia uani na kumeza miti mmoja mmoja, mpaka ukabaki mgomba wa mlangoni tu. Kuku walikuwa wameingia ndani wenyewe. Nilikuwa nikilamba mwiko niliposikia pikipiki.

Niliijua pikipiki ile. Ilikuwa na kikohozi chake ikipanda kilima, na ilikohoa vilevile, mara mbili, halafu ikazimwa pale pale uani ilipozimwa siku zote. Nilitupa mwiko nikakimbia nje nikipiga kelele, "Papa! Papa!"

Hakukuwa na mtu. Nilitembea mpaka mwisho wa ua nimenyoosha mikono mbele, kwa sababu sikuona hata miguu yangu vizuri. Nilipapasa mahali pikipiki inaposimamishwa. Ardhi ilikuwa na umande, haina alama ya gurudumu. Lakini palinuka petroli. Nilisimama pale, na nakumbuka kwamba sikuogopa bado. Nilikuwa nimekasirika, nikidhani Papa ananifanyia mchezo wa kujificha.

Nikarudi ndani. Sahani ya juu ilikuwa imefunika vizuri, kama nilivyoiacha. Sijui nini kilinifanya niifunue. Upande mmoja wa fungu ulikuwa umekwisha, umechotwa kwa vidole, taratibu, kama anavyokula mgeni mwenye adabu na njaa kubwa. Michirizi ya vidole ilikuwa mipana. Kijiko nilichoweka pembeni hakikuguswa.

Nimefikiria mara nyingi juu ya kuku. Kuku wanaweza kudonoa. Lakini sijapata kuona kuku anayefunika sahani baada ya kula.

Nilipiga ukelele. Koko alitoka chumbani, mikono iking'aa kwa mafuta, akaiona sahani. Akaweka kidole kwenye sehemu iliyobaki, akaonja. Akaonja tena.

"Uliweka chumvi?"

"Niliweka."

"Neema."

Hapo nikalia. Nilingoja kofi, na kofi lingenifaa sana, maana baada ya kofi mambo huwa yamekwisha. Koko hakunipiga. Alienda kwenye kopo, akachukua chumvi, akaitia kwenye fungu lile lililobaki na kulichanganya kwa mkono.

"Kula," aliniambia kwa sauti ya chini, Mama asisikie. "Kula yote. Ule mwenye alikuja hakumaliza. Anaweza kurudia."

Nilikula. Hakuna kitu kitamu nilichowahi kukimeza kwa taabu kama kile. Kiti cha Papa kilikuwa mbele yangu, na wakati wote nilikuwa na hakika kwamba nikiinua macho nitamwona amekaa, ameloa, ananitazama bila kunijua. Sikuinua macho. Nilijua nimemuua baba yangu. Sikudhani, nilijua, kama nilivyojua jina langu.

Siku mbili zilizofuata Koko hakumwambia Mama habari ya sahani, wala mimi. Mama aliuliza kwa nini sichezi. Koko akajibu kwamba nina minyoo.

Siku ya tatu, asubuhi kweupe, Papa alipanda kilima kwa miguu. Alichechemea, tope mpaka kifuani, begani amebeba koti la Papa Bauma. Mama alimwangukia. Mimi nilibaki mlangoni, nikimkagua miguu kama inagusa chini. Koko alimpita Mama, akamshika Papa taya kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamtia chumvi mdomoni. Papa akakunja uso, akatema.

"Mama, iko nini tena?" alimuuliza mama yake.

Koko akacheka, akakaa chini palepale uani, akalia.

Papa alitueleza akiwa kwenye kiti chake. Mvua ilikuwa imewafungia Pinga. Walipopata njia, walifika kwenye mteremko mmoja mbaya, naye Papa akashuka atembee ili pikipiki iwe nyepesi. Papa Bauma aliendelea peke yake. Tope lilimchukua yeye na pikipiki mpaka chini kwenye mawe, mchana, siku ileile ya ukungu. Papa alisaidiana na watu wa kijiji cha karibu kumzika.

"Njia yote nilikuwa namupigia hadithi ya birayi ya Mama," alisema, akimwangalia Koko. "Tulikuwa na njaa ya siku mbili. Akasema, 'Leo nitakula kwanza ku kwenu, mbele ya kufika ku kwetu.' Hayo njo maneno ya mwisho alinisemesha."

Koko hakunitazama, na namshukuru mpaka leo kwa hilo. Mimi nilikuwa nimefurahi. Nayaandika haya bila kujitetea. Mtu aliyenibeba mabegani amekufa, mke wake alikuwa bado hajaambiwa, nami moyo wangu ulikuwa unaruka kwa sababu aliyekufa si Papa. Furaha ile ilinitisha kuliko sahani. Tangu hapo, kila nilipomwona mke wa Papa Bauma njiani nilijificha, maana niliamini ya kwamba mauti niliyoita ilikosea mtu kwa hatua chache.

Niliibeba imani hiyo miaka kumi na miwili. Koko aliniondolea akiwa kitandani, mwezi aliotuacha, nami nikimlisha uji. Sikuwa nimemuuliza kitu. Alisogeza kijiko pembeni, akasema:

"Bauma, haukumuua weye. Muntu alikuwa na njaa, akakuta chakula yake iko tayari. Kama ungeweka chumvi, angerudia na njaa yake."

"Koko, juu ya nini haukuniambia zamani?"

"Ulisemaka bongo," alijibu, yaani uongo, ule wangu wa chumvi. "Nilitaka uchoke nayo kwanza." Akafungua mdomo apewe uji.

Nilimkasirikia kwa wiki nzima, miaka yote ile kwa ajili ya uongo mmoja! Halafu hasira ikaisha, nikabaki na sahani tu, na mtu mrefu aliyekula kwa adabu na kufunika alipomaliza. Siwezi kukuambia kwamba alikuja. Siwezi pia kusema hakuja. Najua tu kwamba sasa, nikimfikiria, namfikiria akiwa ameshiba.

Birayi ya asali naipika mwenyewe siku hizi. Kabla ya kutia chumvi, natoa kijiko kimoja kikubwa, nakiweka kwenye sahani ndogo kando ya dirisha na kuifunika. Mume wangu anadhani ni desturi ya mapishi. Mwezi uliopita Papa alikuja kututembelea, mzee sasa, macho yamepungua lakini pua bado nzima. Alikaa mezani, akapewa fungu lake, akaiona sahani ile dirishani. Akaifunua, akachovya kidole, akaonja.

"Haina chumvi," alisema.

Watoto walikuwa wakigombania sufuria. Papa alinitazama muda mrefu, na nikaona anahesabu nyuma, polepole, mpaka akafika mwaka ule wa safari ya Pinga.

"Ya nani, Neema?"

"Ya Papa Bauma."

Alivuta kiti kilichokuwa wazi, akakisogeza karibu na chake, akaweka sahani ile juu yake. Ndipo akaanza kula.