Kata Moja kwa Kila Mtu

Mpaka leo, nikinusa samli naona kiu. Watu hudhani ni ugonjwa, nami hucheka, maana harufu hiyo hunirudisha Mkonze, kwenye tembe letu la udongo, kiangazi kile nilipovunja kata ya bibi ya kuchotea maji. Wadachi walikuwa wamekwisha kufikisha reli Dodoma, lakini sisi maji tuliyachimbua mchangani, mtoni, tukikaa kitako kando ya shimo tukingoja yajikusanye. Yakifika nyumbani yalikuwa chini ya bibi, mama yake baba. Jua likikaza, sheria yake ya kuoga ilikuwa moja: kata moja kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Baba alipotusimulia kwamba gari-moshi pale stesheni hunywa mapipa kwa mapipa, bibi alijibu, "Likija hapa litapata kata moja kama wenzake."

Kata yenyewe ilikuwa ya mumunye lililokaushwa, nyeusi kwa uzee. Siku moja niliivaa kichwani ikawa kofia ya askari wa Mdachi, nikatembea kifua mbele hadi mlangoni. Mlango wa tembe ni mfupi, na askari hainami. Bibi aliokota vipande kimoja kimoja bila kunigombeza, jambo lililoniumiza kuliko fimbo. Majirani walikuwa na kata za kuazima, lakini yeye alinitia mbegu ya mumunye kiganjani. "Aliyevunja ndiye atakayeotesha," alisema. "Na mche wako utakunywa kwenye fungu lako." Mpaka kata mpya ipatikane, alitupimia kwa kibuyu kidogo cha samli, kilichochukua nusu tu ya kata ile. Nyumba nzima ikaadhibiwa kwa ajili yangu. Tulinukia samli asubuhi mpaka jioni, na nzi wakatupenda sana. Kaka yangu Masaka akauliza kama tunaoga au tunakaangwa.

Nilipanda mbegu yangu chini ya ukuta, nikawa naoga nimeisimamia, kila tone likishuka kutoka mwilini mwangu hadi kwenye udongo. Ikaota. Lakini fungu la mtoto halikutosha wawili, na siku moja adhuhuri nilikuta majani yamelala. Nililia kweli, kwa sababu mche ule ukifa tungebaki na kibuyu cha samli, na kila mtu angejua ni kwa kosa la nani. Kesho yake Masaka, ambaye siku zote alikuwa akitoroka kuoga, alikuja kusimama karibu nami. "Nasafisha miguu tu," alisema, akajimwagia fungu lake lote pale pale. Mama naye akahamishia hapo maji ya kuoshea vyungu. Baba akawa anawanawisha wageni mikono ukutani, nao wakadhani ndiyo desturi ya nyumba. Haba na haba hujaza kibaba. Nyumba yetu haijapata kuwa safi vile wakati wa kiangazi.

Mmea ukatambaa hadi juu ya tembe, ukazaa mamumunye mawili. Dogo lilikuwa sawasawa na kata ya zamani, na hilo ndilo nililokuwa nikilingojea. Yalipokauka bibi alipanda juu mwenyewe, akaligonga dogo kwa kidole, akaliacha, akalikata lile kubwa. Tulipoikwangua na kuiloweka, kata mpya ilikaribia mara mbili ya ile niliyoivunja. Mama alisita. "Mama, hii si imezidi?" Bibi akachota hadi pomoni. "Sheria ni kata moja. Sikusema ya ukubwa gani." Siku ile maji yaliniosha kichwa hadi miguu, nikafurahi hadi nikasahau kwamba mchotaji mtoni ni mimi.

Sasa mimi ni bibi mwenyewe, naishi Makole, mjini Dodoma, na maji huja kwa bomba. Jua likikaza bomba hukauka siku mbili tatu, wajukuu wangu wakanung'unika mbele ya ndoo iliyojaa. Hapo mimi huitungua kata ile kubwa ukutani. Wanaigeuzageuza wakicheka, kwa kuwa jagi lao la chai linaishinda. Kata ndogo hivi, huniuliza, ilimtosha nani? Nami huwajibu kweli tupu: kabla ya hii tulikuwa na kibuyu cha robo yake, na kilitutosha watu watano na mmea mmoja.