Fyuzi ya Bi Arusi

Shabani Munyakazi alikuwa fundi cherehani, na gari lake alilitunza kwa sindano. Kiti kikipasuka, alikishona. Mlango ukilegea, aliukaza kwa vitambaa. Sakafuni alitandika mabaki ya nguo za wateja, na siku moja niliitambua sketi yangu chini ya miguu yangu, ile aliyoniapia kwamba kitambaa hakikutosha kuitia marinda. Nilimsamehe kwa sababu yeye ndiye jirani pekee mwenye gari mtaani kwetu Nyamirambo, na magoti yangu na vilima vya Kigali havijapatana hata leo.

Lilikuwa Volkswagen ya mgongo wa duara, kuukuu, aliyoinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ubelgiji. Mkewe, Mama Mwamini, aliita watu wakaisomea dua kabla haijalala uani. Mtaa mzima ukaipa jina la Gikeri, yaani chura, kwa umbo lake na kwa sababu asubuhi haikuondoka bila kuruka kwanza.

Gikeri alikuwa bubu. Honi ilikuwepo, ila fyuzi yake iliungua zamani. Fyuzi ni kijiti kidogo chenye utepe wa bati. Umeme ukizidi, chenyewe kinakufa ili gari lipone. Shabani aliwahi kukivika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, moshi ukatoka chini ya usukani, nyusi zake zikaenda na moshi. Tangu hapo kazi ya honi aliifanya binti yake wa pekee, Mwamini Mukeshimana. Alianza hata meno ya mbele hajaota. Alikaa kando ya baba, akatoa kichwa dirishani na kupiga kelele: "Piii! Piii! Gikeri anapita!" Mbuzi wa mtaa mzima waliijua sauti yake. Hata alipokuwa msichana mkubwa aliendelea, ila alijifunika mtandio uso wote kwanza, kana kwamba kuna mwingine aliyekuwa na sauti ile.

Ndipo Mwamini akaposwa na Hakizimana wa Remera. Kijana mzuri, sina neno naye. Lakini alikuwa na shangazi, Nyirarukundo, na huyo ninayo maneno. Alikuja kupanga arusi, akamtazama Gikeri uani kama mtu anayetazama nzi kwenye chai.

"Bi arusi hawezi kuletwa kwetu akipiga kelele dirishani," alisema. "Msafara ni honi. Kama gari yenu haina honi, sisi tutaleta yetu."

Shabani alingoja mgeni aondoke, kisha akakaa juu ya boneti. Alikuwa amemwahidi Mwamini tangu utotoni kwamba atatoka nyumbani kwa Gikeri. "Mtoto wangu moja tu," aliniambia, "atolewe kwangu na gari ya mtu mwingine? Afadhali nimubebe mgongoni." Macho yake yalikuwa mekundu, nami roho iliniuma.

Kesho yake tukashuka mjini, yeye kutafuta fyuzi, mimi kununua udi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa somo wa bi arusi. Mkewe alimwonya mlangoni: "Baba Mwamini, huko mujini sema fizibo. Watu ya Kifaransa hawajui fyuzi yako."

"Hii neno baba yangu aliitoa Ujiji kwa miguu," akajibu Shabani. "Siiachi."

Duka la vipuri lilikuwa na karani mpya, Habiyaremye, aliyetoka shuleni Butare juzijuzi, adabu tele.

"Karibu, muzee. Unatafuta nini?"

"Natafuta fyuzi."

Habiyaremye akaacha kufuta vumbi. Hapa nieleze jambo nililolijua baadaye, maana Kifaransa changu kinaishia kwenye bonjour: Wafaransa bunduki wanaiita fusil, na ukiitamka inatoka fyuzi ileile.

"Fyuzi ya nini, muzee?"

"Ya arusi. Nipe mbili. Moja ya kupiga, ingine akiba."

"Kwenye arusi mutapiga?"

"Tutapiga toka Nyamirambo mpaka Remera! Kuna shangazi ya bwana arusi ananizarau sana. Hiyo siku atanisikia."

"Na... unajua kuitumia?"

"Ile ya zamani iko ndani ya gari, chini ya usukani. Iliniunguza hapa." Akamwonyesha nyusi.

Habiyaremye alituomba tusubiri kidogo, kwa upole kabisa, akatokea mlango wa nyuma. Nikasema moyoni, hawa vijana waliosoma wana heshima, amekwenda kututafutia. Akarudi na polisi.

"Nani hapa anataka kupiga shangazi?" akauliza polisi.

"Kupiga shangazi? Mimi nataka fyuzi tu!" akasema Shabani.

"Amekubali mwenyewe," polisi akamwambia karani. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama?"

"Mimi somo wake bi arusi. Namufundisha."

"Unamufundisha kupiga?"

Nilimjibu maneno ambayo mtu mzima hayarudii. Tukatolewa nje, mimi na udi wangu, mbele ya watu. Polisi akadai aonyeshwe silaha ya zamani. Shabani akapiga mbizi chini ya usukani, polisi akarudi nyuma hatua kadhaa, Habiyaremye akajificha nyuma yangu, maana mimi ni mpana. Shabani akaibuka na kijiti cheusi kilichoungua, kimelala kiganjani kama njiti ya kiberiti.

"Fyuzi," akasema.

"Yesu!" akasema Habiyaremye. "Fizibo!"

Polisi alicheka hadi akaegemea Gikeri, na mlango ukabaki mkononi mwake. Habiyaremye, kwa aibu, alitupa fyuzi mbili mpya, zawadi ya arusi. Njia nzima ya kurudi Shabani alishikilia kwamba neno lake halina kosa, masikio ya watu ndiyo mabovu.

Lakini habari haina breki. Kabla ya alasiri ilikuwa imefika Remera kwamba Shabani amekamatwa akinunua bunduki mbili kwa ajili ya shangazi. Nyirarukundo akatuma mtu mbio: bi arusi aje kwa gari lolote baba yake alipendalo, hata toroli.

Siku ikafika. Mwamini alikaa mbele, mahali pake pa siku zote, ndani ya shela, mikono imejaa hina. Mimi na mama yake tulikuwa nyuma. Shabani, kanzu nyeupe, akabonyeza honi. Piiiii! Kuku wakaruka, wanawake wakapiga vigelegele, Shabani akabonyeza tena na tena. Alimpigia honi kila mtu, na kila mti.

Nikasikia kwikwi. Mwamini alikuwa analia, wanja wangu wote unashuka.

"Baba," alisema, "Gikeri sasa iko na honi yake. Mimi kazi yangu imekwisha."

Tulipofika kwenye kona ya kuteremkia mjini Shabani akasimamisha gari, akainama chini ya usukani, akachomoa fyuzi na kuitia mfukoni mwa kanzu. Akabonyeza honi. Kimya.

"Imekufa," akasema, akitazama mbele. "Na mbele kuna mbuzi. Sijui tutafanya nini."

Hapakuwa na mbuzi hata mmoja.

Ningepaswa kukataza. Wiki nzima nilikuwa nimemfundisha Mwamini kwamba bi arusi anainamisha macho na hafungui kinywa. Badala yake nilijinyoosha kutoka nyuma, nikamshikia shela isipeperuke.

"Piii! Piii! Gikeri anapita!"

Alipiga hivyo hadi Remera. Tulipofika sauti ilikuwa imekauka, hakuweza kutoa hata neno moja, na Nyirarukundo akawaambia watu wake, "Muone bi arusi alivyo mupole."

Tulirudi watatu. Shabani aliendesha polepole, kiti cha mbele kitupu kando yake. Pale kwenye kona, safari hii mbuzi walikuwepo kweli, wamejaa barabarani. Fyuzi ilikuwa mfukoni mwake, ile nyingine ya akiba ndani ya droo. Alizima gari, akawangoja wapite wenyewe.