Kompyuta Iliyokuwa na Joto Tumboni

Mkiniuliza kwa nini siku hizi sipiti mnada wa Dirma watu wakiwa wamejaa, huwa nasema nina mambo mengi, lakini ukweli ni aibu tu, na kwa kuwa nusu ya habari mmeshaisikia kwa wengine, afadhali hii nusu iliyobaki niitoe mwenyewe.

Shule niliiacha darasa la sita (haikunifukuza, niliona tu inachelewa), na tangu hapo nimebeba vitunguu saumu Mbulu, nimelima vibarua Tumati, halafu nikakaa wiki sita Katesh kwenye meza ya fundi simu mmoja, ambapo kazi yangu hasa ilikuwa kufagia na kushika tochi. Lakini mtu anayeshika tochi anaona kila kitu, au anadhani anaona. Nilipoondoka pale niliondoka na bisibisi moja ndogo (fundi aliniruhusu, au tuseme hakuuliza).

Siku hiyo ya mnada nilikuwa naangalia banda la kuchaji simu la rafiki yangu, yeye kaenda kuuza beberu. Meza iko nje, juani, karibu na sola. Saa nne na nusu akaja Madamu Neema, mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Mtwara, amekumbatia laptopu kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo madamu."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

Hapo ningesema kaenda kuuza beberu. Nikasema, "Ndiye mimi."

Akanieleza haraka haraka: kesho asubuhi darasa la saba wa shule nne za kata wanafanya mtihani wa majaribio, maswali ameyatunga yeye, yamo humo ndani na hayapo mahali pengine popote, na basi la kwenda Katesh kuyachapisha linaondoka saa sita. Alipokuwa anasubiri basi alitaka kuhakiki swali la kumi na nne, akaiwasha, kioo kikabaki cheusi.

Nikaiweka mezani. Nikabonyeza, giza. Nikachomeka chaja, nikabonyeza tena, nikasubiri, giza. Nikainamisha sikio kusikiliza kama kuna kinachozunguka, ila ng'ombe wa mnadani walikuwa wanalia, hata jina langu nisingelisikia. Watu wakaanza kusogea, na mimi (nikiri tu) watu wakisogea huwa naongeza madoido, nikatoa bisibisi nikaizungusha vidoleni.

Pale pembeni alikuwepo Mama Gidamis, mfugaji, anasubiri simu yake ijae chaji. Akapitisha kiganja chini ya laptopu, kisha akageuza mkono akagusa kwa mgongo wa vidole, vile wanavyoshika sikio la ndama aliyelala bila kuamka.

"Mwanangu, hii haijafa. Ina joto."

"Ni jua hilo, mama."

"Jua liko juu. Mimi nimeshika tumbo."

"Mama, hii si ndama!" nikasema kwa sauti ya kusikika, na watu wakacheka, na mimi nikafurahi kwamba wamecheka. Kati ya yote ya siku ile, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Basi nikaifungua. Skrubu kumi na moja nikazitia kwenye kikombe kilichokuwa na chai kidogo chini (sikuangalia). Nikatoa betri, nikaipuliza, nikairudisha. Kisha nikataka kuona kuna nini chini ya kibodi, hakuna aliyeniomba, nilitaka tu kujua, nikainyanyua, na ule utepe mwembamba unaoiunganisha na mwili ukasema *tss*. Nikajifanya ndivyo unavyotakiwa kusema.

"Umekata nini?" akauliza madamu.

"Nimelegeza."

Nikafunga. Skrubu mbili zikabaki, nikazificha mfukoni, zinadondosha chai. Nikabonyeza. Giza. Saa sita kasoro robo. Madamu hakupiga kelele, alikaa chini kwenye ndoo na kushika kichwa, akasema peke yake, "Watoto mia na kitu wanakuja kesho."

Mama Gidamis akavua shuka lake la juu, akaifunika laptopu pamoja na kichwa chake mwenyewe, akainama humo ndani kimya kama anayepuliza moto, kisha akaita, "Madamu, njoo kivulini. Kuna maandishi."

Madamu akaingiza kichwa. Ikasikika sauti yake kutoka ndani ya shuka: "Mungu wangu, mwanga! Jana niliupunguza wote kubana chaji!"

Kwa hiyo ilikuwa inawaka muda wote, ni jua letu tu lilikuwa linaimeza. Watu wakapiga makofi. Makofi yakaisha madamu alipoanza kuandika nenosiri lake na hakuna herufi hata moja iliyotokea, kwa sababu utepe wa kibodi nilikuwa nimeshaukata.

Nilipanda basi naye bila kualikwa, nimeipakata laptopu. Tulipofika Katesh, dada wa duka la kuchapisha alichomeka kibodi nyingine pembeni, dakika moja tu, na mitihani ikaanza kutoka. Madamu alisubiri karatasi ya mwisho itoke ndipo aliponigeukia.

"Kwa nini hukusema hujui?"

Akanyoosha mkono, kiganja juu, kama anavyodai manati kwa mwanafunzi. Nikampa bisibisi. Akaendelea kunyoosha. Nikampa na zile skrubu mbili.

Nilihamia tena Tumati, lakini jina lilinitangulia, limebebwa na wachuuzi wa ng'ombe: Daktari wa Ndama. Watu wananiletea redio, simu, hata pasi ya mkaa, wanasema, "Daktari, pima joto." Nami naapa sitashika bisibisi tena kwenye kitu cha mtu. Napima kwa mgongo wa vidole, nakipeleka kivulini, kisha namuuliza aliyesimama karibu yeye anaonaje.