Waya Ndani ya Giaboksi

Mdogo wangu wa kiume alinipigia simu akaniambia kwamba banda la mbuzi pale nyumbani Mwabungo limeangushwa na mvua, na chini ya makuti imeonekana pikipiki ya baba. Yeye ana nyumba ya wageni kule Galu. Akataka niifufue ile pikipiki ili aisimamishe mlangoni, wageni wapigwe nayo picha. "Wewe ndiwe fundi," aliniambia. Nilimuuliza kama ana hakika ni mimi anayenitaka, kwa sababu katika ukoo wetu, kwa miaka thelathini na miwili, mimi nilikuwa ndiye niliyeivunja.

Baba alikuwa bwana mifugo. Pikipiki ile aliinunua kabla sijazaliwa, akawa anaitumia kwenda kuchanja ng'ombe mpaka Kinango na Lunga Lunga, na akirudi nyusi zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Aliifungua na kuifunga mwenyewe. Hakuna fundi aliyeruhusiwa kuigusa. Mimi nilikuwa nikikaa kando yake nikimpa spana. Nilipofika miaka kumi na saba alinifundisha kuiendesha, na majirani walipomsema kwamba pikipiki si ya msichana hakuwajali. Nilimpenda sana kwa hilo.

Siku moja mama alihitaji dawa kutoka Msambweni. Baba alikuwa na mkutano, akanikabidhi ufunguo kwa mkono wake. Kwenda nilikwenda salama. Wakati wa kurudi, nilipoingiza gia ya pili, nilisikia kitu kikisagika chini ya miguu yangu, kisha gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Pikipiki ikanitupa. Niliburuzika juu ya lami mpaka ngozi ya goti ikabaki barabarani.

Baba alifika akiwa amepakiwa kwenye lori la mchanga. Hakulitazama goti langu. Alichutama, akaijaribu gia kwa mkono, akakaa vile kwa muda, kisha akainuka akasema mbele ya watu wote waliokuwa wamekusanyika, "Umeingiza gia bila kukamata klachi. Umeniulia pikipiki."

Nilimwambia kwamba klachi niliikamata. Akaniambia ninyamaze.

Maneno yale hayakuishia barabarani. Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kusomea ufundi wa mitambo chuoni Mombasa. Barua ilipokuja baba aliisoma, akaikunja, akamwambia mama kwamba mtu aliyeua giaboksi kwa safari moja hawezi kupewa mitambo ya watu. Nikapelekwa kujifunza cherehani. Nilishona sare za shule kwa miaka minane nikiwa nazichukia. Baadaye niliajiriwa kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na mashine za kufulia zilipoharibika nilizifungua kwa siri, nikazitengeneza, mpaka meneja akagundua. Nilipoitwa fundi kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshapita miaka thelathini. Mama alikuwa amekwisha kufa. Alikufa akiamini kwamba nilikuwa mzembe, na mara kwa mara alikuwa akiniombea kwa Mungu anitoe uzembe huo.

Basi nilichukua ruhusa ya siku mbili hotelini, nikatoka Ukunda na vifaa vyangu. Baba sasa amepita miaka themanini, miguu haimbebi vizuri, na siku nzima hukaa barazani na tasbihi yake. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kazi iliyonileta. Akasema, "Kiacheni chuma hicho. Kimekufa." Baadaye nilipotandika gunia uani, akasema tena tuiache. Nilidhani ni uzee. Nilimjibu kwamba mdogo wangu ameomba, na kwamba nikianza kazi huimaliza.

Siku ya kwanza yote ilikwenda kwenye klachi. Oili iliyotoka ilikuwa nzito kama lami, ndani yake mna chenga za chuma zinazometameta. Skrubu za kifuniko zilikuwa zimeliwa na kutu, mbili nilizitoboa. Pleti za klachi zilikuwa zimegandana kama chapati zilizoachwa sufuriani, ikanibidi nizitenganishe moja moja kwa kisu. Lakini hazikuwa zimevunjika. Springi zote zilikuwapo, nzima. Mtu aliyeingiza gia kwa nguvu bila klachi angeweza kuumiza meno ya gia, sawa, lakini hilo haligomeshi gurudumu papo hapo. Nilianza kufikiri, na nikajiambia nisifikiri mpaka nione.

Asubuhi ya pili niliigawa injini pande mbili. Nilisikia tasbihi barazani imenyamaza.

Gia ya pili ilikuwa imepoteza meno matatu. Uma unaoisukuma ulikuwa umepinda. Juu ya shafti, mahali panapokaa kipete cha chuma kinachoizuia gia isihame upande, hapakuwa na kipete. Palikuwa na waya, ule wa kufungia fensi, umezungushwa mara mbili na kusokotwa. Nusu yake ilikuwa bado kwenye mfuo wa shafti, na nusu nyingine niliikuta imebanwa katikati ya meno. Waya ulikatika, gia ikahama, vyuma vikaumana. Ningeweza kukamata klachi vizuri kuliko dereva yeyote wa pwani nzima, na bado ningeanguka.

Ulikuwa umesokotwa kwa kushoto. Baba ni mashoto. Lango la nyumba yetu, zizi, kamba za kuanikia, kila waya pale nyumbani umesokotwa hivyo, na sisi watoto tulikuwa tukiumia vidole kuufungua.

Nilinawa mikono kwa petroli, halafu kwa sabuni. Nikaenda barazani nikauweka ule waya katika kiganja chake.

"Baba, huu ni nini?"

Aliugeuza kwa kidole. "Waya."

"Uliuweka wewe?"

Akasema vipete vile havikuwa vikipatikana Ukunda siku zile, vilikuwa Mombasa, na yeye alikuwa na kampeni ya chanjo asingeweza kungoja. Alinuia kuubadilisha baada ya wiki moja. Alisema haya yote kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa ripoti ya kazi. Nikamuuliza alijua lini kwamba ni waya ulioniangusha.

"Siku ile ile," akasema. "Nilipoishika gia tu."

"Na barua ya chuo ilipokuja ulikuwa unajua."

Nikamwambia kwamba kama siku ile kungekuwa na gari nyuma yangu angenizika. Akasema, "Yamepita hayo, mwanangu."

"Kwako yamepita."

Sijawahi kumpandishia baba sauti, na siku ile pia sikuipandisha, lakini nilimwambia mambo ambayo sikudhani ningeyatoa kinywani. Nilimwambia kwamba alichagua jina lake la ufundi akalitupa langu, na kwamba sasa nimejua kwa nini baada ya ajali aliitupa bandani bila kuruhusu fundi yeyote aifungue. Nilimwambia kwamba mama alikufa akiuamini uongo wa mumewe. Hapo ndipo alipofumba macho. Akasema, "Nisamehe." Nikamwambia kwanza amwambie mdogo wangu, kwa mdomo wake, mbele yangu.

Mdogo wangu alikuja alasiri. Baba alimweleza yote, hakujipunguzia kitu, hilo namhesabia. Mdogo wangu akacheka. Akasema, "Dada, kwani mambo haya bado unayakumbuka?" Kicheko kile kiliniuma kuliko waya. Yeye ndiye aliyesomeshwa ufundi na baba baadaye, akaacha mwaka wa kwanza kwa uvivu, na hakuna aliyemwita mzembe.

Pikipiki niliimaliza. Ilichukua Jumamosi tano. Gia niliipata kwa mzee mmoja wa Kombani aliyekuwa amehifadhi injini mbovu ya aina ileile, pleti za klachi nilizibandika bitana mpya za kushikia, na kipete nilikiagiza Mombasa, nikakitia mahali pake. Iliwaka kwa teke la nne. Baba alikuwa barazani. Aliinua mkono, sikujua kama ni kunipongeza au kuniaga, nami sikuurudisha. Mdogo wangu aliponiuliza lini ataijia, nilimjibu kwamba haiendi Galu. Naiendesha mimi kila siku kwenda kazini Diani, na walinzi wa getini wamekwisha kuizoea.

Kila Ijumaa nakwenda Mwabungo. Namkata baba kucha, nampangia dawa zake, namsomea ujumbe kwenye simu. Ananiuliza gia zinaingiaje, namwambia zinaingia vizuri. Wiki iliyopita aliniuliza kama nimemsamehe. Nilimjibu kweli, kwamba bado. Akatikisa kichwa kukubali, nikaendelea na kidole kilichofuata.