Karanga za Shangazi

Juzi daktari anayemtibu mjukuu wangu alinieleza kwamba huko ng'ambo watafiti wanawapa watoto chembe ndogo sana ya kile chakula kinachowadhuru, huku wakiwaangalia, na kuiongeza polepole mpaka mwili uzoee. Kuna sindano pia, alisema, inayoweza kusaidia pumu na hata hayo mambo ya chakula. Alieleza vizuri, kwa upole. Nilitoka nje kabla hajamaliza. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikumhusu yeye.

Dada yangu mkubwa alikuwa na pumu, na karanga zilimvimbisha midomo. Tuliishi Kalundu, baba akipakua mizigo bandarini. Baada ya uhuru daktari Mzungu aliondoka, akabaki infirmier mmoja, muuguzi, aliyetuonya kwamba karanga zisimguse kabisa. Waasi walipoingia mjini, infirmier alivuka kwenda Burundi, nasi tukakimbilia kijijini Runingu kwa shangazi, dada ya baba.

Mama alimweleza shangazi habari ya karanga siku ile ile. Akajibiwa kwamba hayo ni majivuno ya watu wa mjini. Siku ya tatu nilimwona shangazi akitwanga karanga na kuzichanganya ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akikoroga hadi zisionekane. Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani chakula cha dada kingepikwa kando. Kumbe alitaka kuonyesha kuwa mama ni mwongo.

Dada alikula matonge matatu. Uso ulivimba, kifua kikaanza kupiga mluzi. Baba alimbeba mgongoni mbio hadi dispensari, akakuta waasi wameshafika huko pia, wamesimama mlangoni. Walimwambia dawa ni za wapiganaji. Aliomba, akapiga magoti na mzigo wake. Dada alikufa mgongoni mwake, hapo mlangoni.

Kwenye matanga shangazi alilia kuliko wote. Aliwaambia wageni kwamba ni pumu tu, na kwamba mama alimlea mtoto kama yai. Mimi nikasimama.

"Minye niliona. Weye ulitia karanga mu sombe."

Baba alinipiga kofi mbele ya watu. Hakuna aliyemuuliza shangazi kitu. Aliishi miaka mingi, akazikwa kwa heshima, kwaya ya kanisa ikiimba. Sikwenda. Ukoo ulituma watu watatu kuniuliza sababu, nikawaambia. Wakaniomba nisiyaseme maneno hayo mbele ya watoto.

Nimewaambia watoto wote.