Saa Inayokunywa Damu

Juzi, sokoni Kamina, nilinunua saa ya mkono ya zamani, ya zile zisizotumia betri. Mimi huzikusanya, maana ni rahisi. Niliitikisa, nikasikia kile kichuma cha ndani kinachozunguka na kuijaza nguvu kila mkono unaposogea.

Utotoni sikujua habari za kichuma. Babu yangu, tuliyemwita Nkambo, aliniambia kwamba saa yake inakula nguvu za mkono wake. Nikaelewa kuwa inamnywa damu.

Alasiri moja alikuwa amelala na homa, siku kadhaa hainuki. Chumba kilinuka majani ya mkaratusi, na nje mchi wa Mama ulikuwa ukitwanga majani ya muhogo ya sombe. Niliweka sikio kwenye saa mkononi mwake. Kimya.

“Mama! Nkambo alikufa!”

Mchi ulianguka. Mama akapiga yowe, majirani wakalipokea. Nkambo akafumbua macho.

“Banalilia nani?”

Nilimwonyesha saa. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaivua na kunivalisha juu ya kiwiko, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mwembamba.

“Weye njo uko na nguvu,” alisema. “Enda ukimbie.”

Nilikimbia uani hadi ikaanza kutembea, na sikuivua tena.

Homa ilimchukua juma lile lile. Matangani watu wote walilia isipokuwa mimi. Nilipita kwa mmoja mmoja, nikimwekea mkono wangu sikioni.

“Sikiliza,” nilimwambia kila mtu. “Iko inatembea.”