Njiwa Aliyenukia Udi

Mpaka leo nikinusa mafuta ya udi namkumbuka njiwa, na kosa ni langu: asubuhi ya maonyesho ya njiwa nilimpaka kifuani. Kwetu hatutoki hata kwenda dukani bila kunukia, seuze mbele ya jaji. Nilichosahau ni kwamba mafuta yale yamekolea kama chai ya rangi, na kifua chake cheupe.

Nilikuwa darasa la saba, tumehamia mtaa wa Azaiba kutoka Wadi Kabir, na majirani wapya nikiwajua kwa magari yao tu. Kaka yangu Nassor alikuwa kaenda kusoma Ulaya, kaniachia juu ya paa jozi ya njiwa wa Kijerumani, wale wenye mdomo mfupi, kishungi kisogoni kama kombe, na manyoya ya kifua yaliyojikunja kama shati la mwimba taarabu. Nikawa nawasimulia habari za shule. Walisikiliza vizuri, ila walikunya katikati ya hadithi. Walipoangua kinda nikamvisha pete ya mashindano angali mdogo, maana mguu ukinenepa haipiti tena, nikamwita Bwana Harusi. Kila siku nilimtumia Nassor picha yake. Zamani tulipiga soga tukifagia banda pamoja. Sasa alinijibu kwa kidole gumba. Nikajiambia, kinda akishinda, lazima atapiga simu.

Jaji alimtoa kizimbani, akanusa, akanusa tena. Manyoya ya kifua, yanayotazamwa kuliko yote, yalikuwa yamegandana, rangi ya kahawa.

"Mwanangu, huyu umemleta mashindanoni au unamwoza?"

Watu walicheka. Nikacheka kuwashinda wote, nisije nikalia. Bwana Harusi akatolewa mashindanoni.

Sasa niko sekondari. Paa limejaa wajukuu zake, na msimu huu mmoja kapata utepe wa ushindi. Nassor katuma vidole gumba viwili. Lakini utepe huo haujanipa nilichokipata siku ile ya aibu, niliporudi na kizimba nikamkuta mama jikoni, nikamweleza yote, nikingoja kugombezwa kwa kumaliza mafuta yake. Alimnusa njiwa, akafuta mikono, akanipa simu yake.

"Mpigie kaka yako, usimwandikie. Mwambie hivi hivi ulivyoniambia mimi. Na akianza kucheka niwekee sikioni, nna siku nyingi sijamsikia."